Kiangazi Chako cha Kwanza Chini ya Mabati

Bugene, jioni

Mwanangu Kemilembe,

Sina haja ya kukuuliza hali, kwa sababu nakusikia. Umelala upande wa pili wa kiambaza hiki, na kila ukirusha miguu jamvi linakwaruza. Kesho kabla jua halijachomoza utatoka katika nyumba hii mgongoni mwa mama yako, mwende Rugu kwa bibi yako, mkae huko mpaka mvua zirudi. Wewe hata kukaa bado hujui. Barua hii utaisoma siku utakayoweza, na huenda utacheka kwamba baba yako alimwandikia mtoto wa kunyonya kana kwamba anakwenda masomoni. Cheka tu. Mimi ni karani, na nikiogopa huandika.

Maagizo ya safari sitayaandika. Mama yako anayajua, mjomba wako amekuja na baiskeli ya kubebea mizigo, na mahali pa kupumzikia jua likiwa kali pamekwisha kupatikana, kwa watu wenye migomba minene. Nikianza maagizo sitamaliza, maana mimi ni mtu wa kuhofia kila kitu: nyoka, mto, vumbi la malori, moto wanaouwasha watu milimani wakati huu wa nyasi kavu. Karani mkuu wetu pale barazani husema kwamba mimi nikiletewa chai huuliza kwanza kama ni ya moto. Ni kweli, huwa nauliza.

Nataka tu kukusimulia jambo lililotokea ulipokuwa mchanga kabisa, kwa kuwa wewe ndiwe uliyekuwa katikati yake na hutalikumbuka. Na nataka ujue ni akina nani wa kuwashukuru, kwa sababu wao wenyewe hawatakuambia.

Mama yangu mimi alifariki akinizaa, huko Muleba. Nililelewa na shangazi, kisha nikapelekwa shule ya misheni nikiwa mdogo, nikakulia bwenini. Nilijifunza hesabu, maandiko, na mwandiko mzuri ambao ndio ulionipa kazi hii. Jinsi watu wanavyoishi na mtoto mchanga ndani ya nyumba sikuwahi kuiona. Nilipomwoa mama yako, Yustina, nikamleta hapa kwenye nyumba za makarani, na mimba yako ilipokaribia kutimia, hakukuwa na mwanamke wa upande wangu wa kuja kumtunza. Shangazi alikuwa amekwisha kuzeeka. Ndipo bibi yako, mama yake Yustina, akakubali kutoka Rugu aje yeye.

Hapo yakaanza matatizo ya adabu. Kwetu na kwao mila ni ile ile: mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, na akiwa na neno hulituma kwa mtu mwingine. Katika maboma makubwa ya kijijini, yenye nyumba mbili tatu na kibanja kipana cha migomba, jambo hilo ni jepesi. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Mimi nikabaki chumba cha mbele, bibi yako na mama yako na wewe mkawa chumba cha nyuma. Nikitoka kazini nilikuwa nakohoa tangu barabarani ili apate nafasi ya kuingia ndani. Yeye akitaka kwenda kuchota maji alikuwa anagonga sufuria kwanza, nami nageukia ukutani. Jirani yetu, mke wa tarishi, alisema katika nyumba yetu kuna watu wazima wawili wanaocheza mchezo wa kujificha, na hakuna hata mmoja anayetafuta.

Ulizaliwa mwanzoni mwa kiangazi. Mwaka huu kiangazi kimekuwa kikavu kuliko nilivyozoea. Hata majani ya kahawa yamejikunja. Asubuhi hapa kwetu kuna baridi ya kuuma vidole, mchana jua linawaka mpaka mbwa wanalala chini ya ghala. Nyumba hii ya mabati nilikuwa najivunia. Nilipopewa, niliwaandikia wenzangu wote niliosoma nao. Na kwa kuwa shuleni tulifundishwa kwamba mbu huleta homa, na sikuwa na wavu wa kuweka dirishani, wiki uliyozaliwa nilichukua mbao nikayapigilia misumari madirisha yote mawili. Nilipomaliza nikajiona baba.

Bibi yako naye alifanya kama alivyofanya kwa watoto wake wote. Aliwasha moto katika chumba cha nyuma, moto mdogo usiozimika, ili mama yako apate joto na ubichi uondoke. Alikufunga katika blanketi la sufu nililonunua kwa Mhindi, akakufunika mpaka kichwani, akarudisha mlango. Katika msonge wake huko Rugu, nyumba ile ya duara iliyoezekwa nyasi nene kutoka juu mpaka chini, hayo yote ni sawa. Nimeingia katika msonge mchana wa jua kali, nikahisi kama nimeingia chini ya maji. Moshi hupenya polepole kwenye nyasi, na moto wake huwapa joto wanaokaa karibu nao bila kuchoma nyumba nzima. Lakini mabati hayapitishi kitu. Jua likipanda yanaanza kulia yenyewe, ta, ta, ta, na joto linashuka juu ya kichwa chako huku la moto likipanda kutoka chini, na katikati yake, nyuma ya madirisha niliyoyaziba, ulikuwepo wewe.

Mama yako aliliona mapema. Alinijia mlangoni akaniambia kwamba kule ndani kunaungua. Nikamjibu kwamba mama ana uzoefu, amelea watoto wengi, bila shaka anajua sababu ya moto ule. Akarudi kwa mama yake, akamwomba afungue. Bibi yako akamjibu kwamba mwenye nyumba ni msomi, kama amefunga madirisha bila shaka anajua sababu. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Yustina alikuwa mjumbe anayerudishwa kila upande alikopelekwa, na bado alikuwa mzazi mgonjwa ambaye hata kusimama kulimchosha.

Siku ile nilirudi mchana kula. Nilikohoa barabarani kama kawaida, nikaingia chumba cha mbele, nikasikia joto limenipiga usoni kama mtu amefungua chungu. Nilikusikia ukilia. Kwanza sikushtuka, maana ulikuwa ukilia siku zote. Kisha kilio kikabadilika. Kikawa chembamba, kikakatika, kikarudi kidogo kama paka aliye mbali, halafu hakikurudi. Nikamsikia mama yako akiita jina lako, akakuita tena, na sauti ya pili haikuwa kama ya kwanza.

Nilisimama mbele ya mlango ule. Mwanangu, sitaki kukuficha kwamba nilisimama. Mkono wangu ulikuwa kwenye mlango, na kichwani mwangu palikuwa na bibi yako aliye ndani bila kujitanda, na aibu ambayo ingetangulia mpaka Rugu, na mbuzi na pombe ya ndizi, rubisi, ambavyo mkwe aliyevunja mwiko hutakiwa kupeleka, na watu wakisema ndivyo walivyo hawa waliosomeshwa. Nilifikiri nimtume mtu. Hapakuwa na mtu wa kumtuma. Aliyekuwa mjumbe wangu ndiye aliyekuwa akilia mle ndani.

Nikasukuma mlango, nikaingia nimeinamisha macho. Niliona miguu ya bibi yako ikigeuka ghafla kuelekea ukutani. Nikamfuata mama yako kwa sauti, nikakuchukua kutoka mikononi mwake, nikatoka na wewe kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye migomba.

Ulikuwa wa moto kama mkate. Midomo yako ilikuwa imekauka na macho yako yalikuwa nusu wazi, lakini hayakunitazama. Nilipofungua blanketi, mikono yako ililala tu upande huu na huu, na utosini palikuwa pamebonyea kidogo. Mama yako alikuja akijishikilia kwenye migomba, na kanga iliyoloweshwa maji ya mtungi. Tukakuvua kila kitu. Tukakupangusa shingo, makwapa, mapaja, tukakupepea kwa jani la mgomba, tukakupangusa tena. Mama yako akakuweka kwenye ziwa. Hukulishika. Akakamua matone akayapaka kwenye midomo yako, akangoja, akapaka tena. Mimi nilikuwa napepea kwa nguvu mpaka akaniambia nipunguze, nisije nikakuvunja kwa upepo.

Kisha ulimi wako ukatoka ukalamba. Ukalamba tena. Ukashika.

Ulinyonya, ukapumzika, ukanyonya. Nilikuchukua begani ili mama yako akae vizuri, na hapo ukanikojolea, shati langu la kazi lote upande wa kushoto, mpaka kwenye suruali ya kaki niliyoipiga pasi asubuhi. Mama yako akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mimi ni mtu anayebadili shati likiingia tone la wino. Siku ile nilirudi barazani na lile lile, nikakaa mbele ya karani mkuu mpaka likanikaukia mwilini, nikamshukuru Mungu kwa kila harufu iliyonijia puani.

Kabla sijaondoka, mama yako aliniita nisogee. Alisema polepole, bila hasira, na ndiyo sababu maneno yake hayanitoki.

"Baba Kemi, wewe na mama mnaheshimiana sana. Heshima yenu inanichomea mtoto."

Nilichukua nyundo, nikang'oa misumari yote, nikazitupa mbao nje. Moto bibi yako alikuwa amekwisha kuuzima yeye mwenyewe. Nilikuta majivu yamemwagiwa maji.

Jioni nilikaa chumba hiki nilichomo sasa, nikingojea kusikia bibi yako akifunga mizigo yake. Nilijua anayo haki. Nilikuwa napanga maneno ya kumpa mama yako ampelekee, na kila neno nililolipanga lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Basi sauti yake ikaja moja kwa moja kutoka nyuma ya kiambaza. Tangu nimwoe mama yako hakuwahi kunisemesha bila mjumbe. Alisema Kinyambo, nami nikamjibu kwa Kihaya changu, na lugha hizo zinasikilizana. Hapa naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia.

"Mkwe."

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Leo umeingia chumbani."

"Ndiyo, mama. Nimeingia."

"Uliona nini?"

"Nilimwona mtoto, mama. Sikuona kitu kingine."

Nilisikia anavuta kigoda.

"Basi hukuingia," akasema. "Alikuwa amekuja baba kumchukua mwanawe, akatoka."

Yeye akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayezungumza huku akifanya kazi ya mikono. Alisema na yeye alikuwa akiungua mle ndani. Usiku alikuwa akilala mlangoni, uso kwenye ufa, apate hewa. Alidhani nyumba za serikali ndivyo zilivyo, na kwamba mimi nilizoea. Blanketi lile alikuwa akilichukia tangu siku ya kwanza, kwa sababu linawasha, lakini aliogopa kukuvua nisije nikasema zawadi yangu imedharauliwa.

"Mimi nilidhani unalipenda, mama."

"Nani apende kitu kile? Hata mbuzi angelikataa."

Nikasikia mama yako akicheka kule ndani, na mimi nikacheka, na nadhani na yeye alicheka, ila alificha.

Kemilembe, nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Katika nyumba hii hakuwapo mtu mbaya. Hakuwapo hata mjinga. Moto wa bibi yako ulikuwa sahihi kwa nyumba yake, na mbu niliowazuia ni kweli wapo. Kila mmoja wetu alikuwa amekunja mikono mbele ya mwenzake, akisema moyoni, yeye anajua. Nilikuwa na maswali yote mdomoni nikayameza kwa sababu ya adabu. Mimi ninayeuliza kuhusu chai! Ukikua ukiwa mwoga kama mimi, sitakulaumu, huenda ni damu. Ila ukijikuta umenyamaza mahali, jitazame vizuri kama unamheshimu mtu au unajificha nyuma yake. Mimi bado huchanganya.

Na anayekuletea neno mara ya pili, msikilize. Mama yako alisema tangu mwanzo.

Baada ya siku ile tuliishi vingine. Kesho yake bwana dresa, msaidizi wa mganga pale dispensari, alikutazama, akasema ukae kivulini, uso usifunikwe, unyonye kila unapotaka, na tukikuona umelegea au hukojoi tukukimbize kwake hata kama ni alfajiri. Tangu hapo mchana wako umekuwa wa migombani, juu ya jamvi, na kitambaa kimoja tu, na bibi yako akilihamisha jamvi kila kivuli kinapohama. Jua likishuka na baridi ikija, blanketi linarudi, si lile la sufu. Mimi na mjomba wako tulipanda juu ya mabati tukayafunika kwa nyasi na majani makavu ya migomba, tukayafunga kwa kamba. Yamepunguza makali, ingawa si sana. Karani mkuu alipita akatazama juu kwa muda, akaniuliza kama sasa nimepandishwa cheo kuwa mwenye msonge. Nikamwambia bado, naomba tu nafasi. Zamani ningeingia ndani kwa aibu.

Lakini jua linazidi, moshi wa milimani sasa unashuka mpaka hapa, na juzi mchana ulikataa kunyonya kwa muda ukawa unahema mdomo wazi, mpaka tulipokupangusa. Ilinitosha. Jioni ile nilikwenda kusimama karibu na kiambaza, nikamwambia mama mkwe mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba naomba akuchukue Rugu, katika nyumba yake, mpaka mvua. Akasema alikuwa akilingojea neno hilo tangu mwezi ulipoandama, ila mtoto ni wa ukoo wangu mimi, na hakutaka kuomba jambo la kumnyima baba mwanawe.

Unaona? Hata sasa. Bado tunajifunza, yeye na mimi.

Kwa hiyo kesho mnakwenda. Nitabaki na kazi yangu na nyumba yenye madirisha wazi, na nitakuwa nikiamka kusikiliza pumzi ambayo haipo. Nitakuja kila nitakapopewa ruhusa. Naogopa njia, nimekwisha kusema. Naogopa utanisahau, jambo ambalo watoto wa umri wako hufanya bila ubaya. Lakini juu ya hofu hizo zote kuna shukrani ambayo sijui pa kuiweka. Nilikua bila kusema neno mama kwa mtu yeyote. Sasa nalisema kila jioni kwa mwanamke ambaye uso wake siujui, naye huitika. Wewe ndiwe uliyenipa hilo, ukiwa huna meno.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo. Nilikuwa nimekwisha kuchovya kalamu niandike jina langu, bibi yako akaniita.

"Mkwe, nafunga mizigo, na Yustina anaoga. Njoo umshike mtoto."

Nikamwuliza kama nimesikia vizuri. Akasema nisimchoshe.

Nimeingia. Alikuwa amekaa pembeni ameelekea ukutani, amejitanda nguo mpaka kichwani, anakunja vitu kwa kupapasa, na wewe ulikuwa katikati ya jamvi, kifua wazi, unaitazama taa. Hewa ya usiku ilikuwa ikiingia dirishani. Mimi nikaanza kuhofia, kama desturi yangu, kwamba joto limekwisha na sasa ni baridi, nikauliza, "Mama, nimfunike au nimwache?"

Hakugeuka. "Mguse nyuma ya shingo," akasema. "Mtoto ni wako. Utajua."

Niliweka vidole vyangu hapo, chini ya nywele zako laini. Palikuwa pakavu, pana joto la kawaida, kama kikombe kilichoshikwa mkononi. Wala jasho, wala baridi. Nilingoja aniambie kama nimejua sawasawa, naye aliendelea kukunja nguo.

Nimekuacha kama ulivyo, mwanangu, na umelala.

Ni mimi, baba yako, ninayekupenda na kukusubiri Bugene.